Table ronde ya pili: hesabu ya uhuru wetu ilivyopangwa

Kila mwaka tarehe 30 mwezi wa sita ikikaribia, mabishano ni yale yale. Wengine wanasema wababa zetu walikimbilia uhuru bila kujua kuhesabu. Wengine wanasema Wabelgiji walituibia, basi, mazungumzo yamekwisha. Mimi ni mtu wa kilimo, si mwanahistoria. Lakini ku kilimo tunafundishwa kitu moja: mbele ya kusema shamba limekufa, fungua kwanza daftari la shamba. Nani alinunua mbegu, nani alikopa, nani alibakia na jembe mkononi. Leo nataka tufungue daftari la mwaka 1960. Si lile la siasa, tunalijua wote, na hotuba ya Lumumba na uso wa mfalme Baudouin. Lile la feza.

Tutoke mbali kidogo. Tarehe 18 mwezi wa kumi 1908, Ubelgiji ilipochukua Congo mikononi mwa Leopold II, iliandika sheria inayoitwa Charte coloniale. Ile sheria, tangu kifungu chake cha kwanza, inasema mali na madeni ya Ubelgiji na ya koloni vitakaa mbali mbali. Mtu anaweza kupita juu ya sentensi hiyo bila kusimama. Simama. Maana yake ni hii: mishahara ya administrateri, barabara, hospitali, askari, vyote vinalipwa na bajeti ya Congo yenyewe, yaani na kodi, na ushuru wa forodha, na shaba, na pamba, na mafuta ya ngazi. Kulikuwa na miaka Bruxelles ilisaidia, kama wakati wa mgogoro wa miaka ya 1930, lakini kanuni ilikuwa ile. Kwa hiyo mtu akikuambia «Wabelgiji walijenga kwa feza yao», mwulize ameisoma Charte kweli.

Na kanuni ile ile ilikuwa na upande wa pili. Kama mali ni ya Congo, deni nalo ni la Congo. Siku Ubelgiji inaondoka, inaacha vyote viwili mezani. Kwa karatasi, hakuna kitu safi kuliko hicho. Tutaona mezani palibaki nini.

Deni lenyewe halikuwa kubwa mpaka vita ya pili ilipokwisha. Lilikuzwa na Plan décennal, ile mipango ya miaka kumi, 1949 mpaka 1959, iliyotengenezwa wakati Pierre Wigny alikuwa waziri wa makoloni. Ilianza na hesabu ya faranga bilioni 25 hivi kwa upande wa serikali, na mwishoni ilikaribia mara mbili ya hapo. Walikopa Bruxelles, walikopa nje. Mwaka 1951 Benki ya Dunia ilikopesha Congo belge dola milioni 40. Bei ya shaba ilikuwa nzuri, kila mtu alikuwa na imani, na bajeti ya kawaida ilikuwa inabakiza feza.

Siwezi kusema kazi haikufanyika. Barabara, bandari, nyumba za cité, umeme, hospitali, shule za msingi nyingi, vilijengwa, na mpaka leo tunatembea juu ya mabaki yake. Kwa kilimo ndiyo usiseme. INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, na makao yake ya utafiti Yangambi, ilikuwa kati ya taasisi kubwa za kilimo cha nchi za joto duniani. Wenzangu wa agronomia wanajua habari ya mchikichi wa tenera: ni pale Yangambi ambapo Beirnaert na wenzake walieleza namna ganda la ngazi linavyorithiwa, dura na pisifera zikizaa tenera. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia ya leo yanakula matunda ya kazi hiyo. Huku kwetu Kivu kulikuwa na kituo cha Mulungu, na kahawa, na chai, na quinquina. Kisha kulikuwa na paysannat, kugawia wanakijiji mashamba kwa mstari, mzunguko wa mazao umepangwa toka juu.

Toka juu, njo hapo. Mkulima wa kijiji alilazimishwa na dekreti ya 1933 kutoa mpaka siku 60 kwa mwaka kwa mazao na kazi ambazo serikali imeamua, waliziita kazi za kumfundisha. Na mtoto wake, akisoma sana, anakuwa moniteri wa kilimo: anapima mistari, anahesabu mbegu, anaandika raporo ambayo mwingine atatia saini. Yule anayejua kwa nini mstari ni mita tisa, si mita sita, ni mzungu.

Sasa tufanye hesabu ndogo, hesabu ya kitoto. Chukua kijana anayeingia secondaire mwaka 1949, mwaka Plan décennal inaanza. Miaka sita, anamaliza 1955. Ongeza miaka mitano ya chuo kikuu: anakuwa injenieri wa kilimo mwaka 1960. Mipango ile ile ya miaka kumi, ukiongeza mwaka moja tu, ilitosha kuzaa kundi la kwanza la watu wa kusimamia vitu ilivyojenga. Haikuhitaji muujiza, ilihitaji mstari moja mu bajeti. Lakini Lovanium ilifunguliwa 1954, chuo cha Élisabethville 1956, na waliomaliza wa kwanza Lovanium ni 1958. Thomas Kanza alipata lisansi yake Louvain mwaka 1956, na ilikuwa habari ya nchi nzima. Siku ya uhuru, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, wengine wanahesabu 16 tu. Mapadri walikuwapo kwa mamia, wamesoma filozofia na teolojia, kwa sababu Kanisa lilikuwa limeamua mapema kwamba litahitaji watu weusi. Serikali haikuamua hivyo. Katika vyeo vya juu vya utumishi wa serikali, karibu 4,600, Wakongo walikuwa watatu. Jeshi la Force publique lilikuwa na watu karibu 25,000, na hakuna ofisa Mukongo hata moja.

Kuna mtu moja alifanya ile hesabu mapema. A. A. J. Van Bilsen, mwalimu wa Ubelgiji, alichapisha mwishoni mwa 1955 mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Congo kwenye uhuru. Bruxelles walimwona kama mwenda wazimu, au hatari. Hapa kwetu mwaka 1956 kundi la Conscience africaine lilikubali wazo la miaka 30, na wiki chache kisha ABAKO ikajibu: hapana, tupeni uhuru sasa. Leo tunamkumbuka Van Bilsen kwa ile namba, 30, na tunacheka. Mimi nadhani tunacheka mahali si pake. Miaka 30 ilikuwa mingi, sawa. Lakini alikuwa anauliza swali ambalo Plan décennal haikuuliza: mganga anatengenezwa kwa miaka mingapi, injenieri kwa miaka mingapi, na tunaanza lini? Waliomkasirikia hawakumjibu kwa namba yao nyingine. Hawakuwa na namba.

Kisha mambo yakaenda mbio. Toka 1957 bei ya shaba ilianguka, bajeti ikaanza kupungukiwa. Serikali ikaendelea kukopa. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959 Léopoldville ikawaka, na siku tisa baadaye mfalme akatamka neno uhuru mu redio. Kuanzia hapo, kila mwenye feza nyingi alielewa kitu. Feza ikaanza kusafiri kwenda Bulaya mbele ya wenyewe, na mwaka 1960 serikali ikalazimika kuweka sheria za kuzuia. Deni la leta lilikuwa sasa linakaribia dola milioni 900.

Table ronde ya kwanza, ile ya siasa, ilikaa Bruxelles toka tarehe 20 mwezi wa kwanza mpaka tarehe 20 mwezi wa pili 1960. Wajumbe wetu walisimama pamoja, vyama vyote, jambo ambalo hatujaliona mara nyingi tena. Lumumba alitolewa gerezani Jadotville akaletwa. Wakapata tarehe: 30 mwezi wa sita. Walikwenda wakidhani watapigania tarehe kwa miezi, Wabelgiji wakakubali upesi. Kwa nini walikubali upesi? Algeria ilikuwa inawaka mbele ya macho ya Ulaya nzima, na Ubelgiji haikutaka kutuma watoto wake kufia Léopoldville. Lakini pia wengi kule waliamini bendera itabadilika na mengine yatabaki: maofisa, makampuni, jeshi, faranga. Feza iliwekwa pembeni, ikaachiwa mkutano mwingine.

Huo mkutano mwingine njo ninaouita Table ronde ya pili, ya uchumi. Ulianza tarehe 26 mwezi wa ine, ukaisha tarehe 16 mwezi wa tano 1960. Angalia kalenda. Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulikuwa mwezi wa tano. Wakubwa wa vyama walikuwa Kasaï, Kivu, Équateur, Katanga, juu ya malori, wakiomba kura. Nani ataacha kampeni aende Bruxelles kuzungumza juu ya riba na hati za deni? Wakatuma vijana. Kwa upande wa MNC-Lumumba alikwenda mwandishi wa habari wa miaka 29, jina lake Joseph Mobutu. Wanafunzi Wakongo waliokuwa wanasoma Ubelgiji waliitwa kusaidia.

Upande wa pili wa meza alikuwa Raymond Scheyven, waziri aliyepewa uchumi na feza za Congo, na nyuma yake walimu wa uchumi, watu wa benki, watu wa makampuni, watu ambao waliandika wenyewe yale madaftari. Fikiria sura ya chumba hicho. Wewe mwenye lisansi yako ya jana, au mwaka wa pili bado haujamaliza, unapewa faili nene kama Biblia, na mwenye kuiandika amekaa mbele yako anakuuliza kama una swali.

Sitaki tuwacheke wale vijana. Walikuwa na umri wetu. Waliuliza maswali ya kweli: mali ya leta ni ipi, hisa ziko wapi, nani atadhamini deni. Na walichopata, kwa sehemu kubwa, ni mapendekezo. Maswali magumu, ya kugawanya deni na hisa, yakaachiwa serikali mbili zitazungumza baadaye. Kosa, kama tunatafuta kosa, halikuwa akili ya wale vijana. Kosa lilikuwa kukubali kwamba siasa ina mkutano wa wakubwa na feza ina mkutano wa wadogo, na kwamba bendera inaweza kupandishwa mbele ya hesabu kufungwa.

Juu baadaye haikungoja mtu. Inatubidi hapa tuelewe kitu kinachoitwa portefeyi. Leta ya koloni ilikuwa na hisa nyingi katika makampuni: reli, madini, umeme, mashamba. Hizo hisa ndizo zilikuwa mali ya kutazamana na deni. Katanga kulikuwa na Comité spécial du Katanga, CSK, iliyoundwa 1900: theluthi mbili ni za leta, theluthi moja ni ya Compagnie du Katanga. CSK ilisimamia ardhi na madini ya Katanga, na kupitia kwayo leta ilikuwa na sauti nzito mu mikutano ya Union Minière. Yaani serikali mpya ya Congo, ikirithi CSK nzima, ingekaa siku ya kwanza mezani pa kampuni kubwa kuliko zote mu nchi, ikiwa na kura za kutosha za kuogopwa.

Haikurithi CSK nzima. Tarehe 17 mwezi wa sita, sheria ya Ubelgiji iliruhusu makampuni ya koloni kuhamia chini ya sheria ya Ubelgiji, na mengi makubwa yakahama. Tarehe 23 na 24, Bunge na Senati ya Léopoldville zikaipa serikali ya Lumumba imani. Tarehe 27, siku tatu mbele ya uhuru, CSK ikavunjwa na vitu vyake vikagawanywa. Aliyesema kwa jina la Congo katika jambo hilo alikuwa bado Bruxelles. Hapo leta mpya ikapoteza ile sauti kabla ya kufungua mdomo. Kumbuka sasa Charte ya 1908: mali na madeni vinakwenda pamoja. Mwezi wa sita 1960 deni lilibaki mezani lote, mali ilianza kutembea na miguu.

Kwa hiyo nikisikia «hakukuwa na mipango», nasema hapana. Mipango ilikuwapo, na mingine ilifanywa vizuri sana. Ofisa wa Kibelgiji aliahidiwa kwamba akilazimika kurudi, serikali ya Bruxelles itampatia nafasi ya kazi kwao. Makampuni yalipata sheria yao. Gharama ya mpito ilihesabiwa kwa kila aliyekuwa na mtu wa kumhesabia. Moniteri wa Mulungu, sajenti wa Thysville, mfirmie wa Kindu, hao hawakuwa na ukurasa. Hakuna aliyekuwa ameandika: huyu atapanda cheo tarehe gani, atalipwa ngapi, atafundishwa na nani.

Tarehe 5 mwezi wa saba jenerali Janssens alikusanya askari akawaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Kwa bajeti alikuwa anasema kweli: askari hakuwa na mstari wake. Siku ile ile wakaasi. Wiki mbili hazijaisha, maelfu ya Wabelgiji walikuwa wameondoka, na ile ahadi ya kazi Bulaya iliwasaidia kuamua. Tarehe 11 Katanga ikajitenga na kodi za Union Minière zikaingia Élisabethville, si Léopoldville. Mwezi wa nane Kasaï ya Kusini nayo, na almasi yake. Serikali ikabaki na deni la nchi nzima na mapato ya nchi iliyokatwa.

Gharama ambazo hazikulipwa mbele zililipwa nyuma, na riba. Mobutu alipoweka wanasiasa pembeni mwezi wa tisa 1960, alikabidhi nchi kwa Collège des commissaires généraux, Bomboko akiwa mkuu: wenye diploma wachache waliokuwapo na wanafunzi waliorudishwa toka vyuo. Serikali ya wasomi, ndugu zangu, tulikuwa nayo tayari, ilidumu mpaka mwanzoni mwa 1961. OMS ikachukua wafirmie wakubwa, wale assistants médicaux, karibu 60, ikawatuma Ufaransa kumalizia masomo wawe waganga, na kwa miaka michache tu wakarudi waganga kamili. Miaka michache! Ingewezekana kuwatuma 1955. Walimu wakatoka Haiti. Yangambi ikapoteza watafiti wake, na mwaka 1962 INEAC ikavunjwa. INERA haikuzaliwa mpaka 1970.

Na mkulima? Alilipa kupitia faranga. Serikali isiyo na mapato ilitumia feza ya kuchapisha. Mwaka 1960 dola moja ilikuwa faranga 50. Ikashushwa 1961, tena 1963, na 1967 ilipokuja zaïre, faranga 1,000 zikawa zaïre moja, na zaïre moja dola mbili, yaani dola moja faranga 500. Mara kumi mu miaka saba. Mwanakijiji aliyeuza kahawa yake akaficha faranga ndani ya mtungi alikuwa amelipia uhuru bila kuitwa mezani hata mara moja, wala ya kwanza wala ya pili.

Yale mazungumzo ya «baadaye» yalifika mwezi wa pili 1965. Tshombe, sasa waziri mkuu wa nchi nzima, alitia saini na Spaak mapatano juu ya deni na hisa. Ubelgiji ikachukua sehemu ya deni ambayo ilikuwa imeidhamini, Congo ikachukua ya ndani, na sehemu iliyobaki ikawekewa mfuko wa pamoja wa kulipa wenye hati, nchi mbili zikichangia. Congo ikapata portefeyi yake, ile iliyobaki. Tshombe akarudi Léopoldville na mkoba, akauonyesha watu, na watu wakapiga makofi. Miaka miwili haijaisha, tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967, Mobutu akachukua Union Minière yenyewe, na mazungumzo ya fidia yakaanza upya. Safari hii hakutuma mwanafunzi. Alikuwa ameona mwenyewe, mwezi wa tano 1960, ile faili nene na yule anayeuliza kama una swali.